Mimi Ndiye Niliyeshika Simu

Shule niliyosoma haikuwa na mwalimu wa kemia kwa miaka mitatu kati ya minne. Chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni kilikuwepo, ila ndani tulihifadhi madawati yaliyovunjika na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana. Kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nikakuta F ya kemia, F ya fizikia na D moja ya baiolojia, sikushangaa. Mama aliuliza mara moja tu, "Kwa hiyo unesi basi?" Nikamjibu kwamba nitarisiti, nirudie mtihani. Akarudi kupanga nyanya zake.

Tuliishi Mikumi, karibu na barabara kuu. Mama aliwauzia abiria wa mabasi nyanya na vitunguu vya Malolo. Babu yangu mzaa baba aliletwa Kilosa kukata mkonge akafia hukohuko, na baba alifariki nikiwa darasa la tano. Watu huniuliza kwa nini nilitaka unesi, wakitegemea niwaeleze habari ya wito. Ukweli ni kwamba nilizipenda zile sare nyeupe. Sababu nzuri zilikuja baadaye, na nyingine zilikuja zimechelewa.

Vyuo vya uuguzi vinataka angalau D ya kemia, ya baiolojia na ya fizikia, zote tatu. Ukipungukiwa na moja, hizo mbili hazikusaidii. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuanza tuisheni katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza chuo kikuu, anasubiri ajira. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, wote wa umri wangu au wadogo kuliko mimi, mpaka siku ya pili alipoingia mama mmoja mnene, kanga kiunoni juu ya gauni la kazi la bluu, mikono inanuka klorini. Tulidhani ni mzazi wa mtu. Tukasimama, "Shikamoo!"

"Marahaba. Kaeni, kaeni," alisema. "Mimi mwanafunzi mwenzenu."

Alikaa karibu yangu kwa sababu benchi langu ndilo lililokuwa na nafasi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alifanya kazi katika zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja, upande wa barabara ya Kidodi, ambako malori ya miwa hupita mpaka majani ya miti yanakuwa mekundu kwa vumbi. Kijiji kizima kilimwita nesi.

"Wananiita hivyo, lakini mimi si nesi," aliniambia. "Mimi mhudumu. Nafagia, nachemsha vifaa, nashika miguu ya wanaozaa. Mwaka wa kumi na saba huu."

Kamati ya zahanati ilikuwa imemwambia kwamba siku hizi hata mhudumu anatakiwa awe na cheti. Akasome, au apishe wengine. Kidato cha nne alikuwa amemaliza zamani, akapata sifuri.

Tatizo lake lilikuwa Kiingereza. Mwili wa binadamu aliujua kuliko sisi wote, pengine kuliko mwalimu. Lakini siku tuliyopewa zoezi la kwanza la fizikia aliniinamia akaninong'oneza, akionyesha neno la kwanza la swali: "Hii 'state' ndiyo nchi?" Vijana wa nyuma walisikia wakacheka. Nami nilicheka kidogo, nikamwambia maana yake ni taja. Akaandika pembeni ya daftari, kwa mwandiko mkubwa: TAJA.

Siku moja tukitoka akaniuliza kama nimewahi kuona damu nyingi. Nikasema sijawahi. "Sasa unasomea nini kitu usichokijua?" Akanikutanisha na sista, yaani nesi msimamizi wa zahanati ile. Sista alikubali niwe naenda kila Jumanne na Alhamisi, siku za kliniki, kupima watoto uzito na kusaidia usafi. Hakuniandikisha popote. Alisema tu, "Usiguse dawa, usiingie chumba cha kujifungulia." Na mimi, kulipa fadhila, kliniki ikiisha saa nane, nilikaa na mhudumu kwenye benchi la wagonjwa nikimfundisha kemia.

Hesabu za kuchanganya asidi na maji zilimshinda kabisa, mpaka siku nilipomwona anachanganya klorini ya kusafishia vifaa. Alipima kopo moja la dawa, makopo sita ya maji, bila kufikiri.

"Mama, hebu ngoja. Ungetaka iwe kali mara mbili, ungefanyaje?"

"Ningepunguza maji."

"Kiasi gani?"

Alifikiri akihesabu kwa vidole vilivyochubuliwa na ile dawa. "Jumla inatoka makopo saba. Nusu yake tatu na nusu. Moja dawa, mbili na nusu maji."

"Basi hesabu yenyewe ndiyo hiyo. Umeshaipata."

Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Miaka kumi na saba nafanya kemia, na hakuna aliyeniambia?"

Miezi ile ndiyo nikikumbuka sasa naona nilikuwa na furaha, ingawa wakati ule niliona taabu tupu. Asubuhi nilibeba matenga ya mama, mchana fomula, jioni nachambua vitunguu huku kitabu cha fizikia kiko magotini kinanuka vitunguu. Mhudumu alisonga mbele. Mwezi wa nane alipata arobaini na moja katika jaribio la baiolojia, akaja na karatasi imekunjwa ndani ya kanga kama pesa.

Ikafika ile Alhamisi, wiki tano kabla ya mtihani.

Kliniki ilikuwa imekwisha. Sista alikuwa ameondoka tangu asubuhi kwenda Mikumi kwa shughuli zake, akasema atarudi kabla ya saa sita, na saa sita ilishapita. Wakaja watu watatu kwenye pikipiki mbili: msichana wa familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni, mume wake, na mama mkwe. Msichana alikuwa wa umri wangu. Ulikuwa uzazi wake wa tatu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku na mtoto alikuwa karibu kutoka.

Mhudumu alinawa mikono. "Njoo," aliniambia.

"Sista alinikataza kuingia humo."

"Sista yuko wapi?"

Nikaingia. Mtoto alitoka haraka, wa kike, akalia vizuri. Mama mkwe alisema jambo kwa Kisukuma, akicheka, akampokea mtoto, akamfunga kanga na kutoka naye nje. Kondo la nyuma likatoka. Nami nilikuwa nimesimama kichwani kwa yule msichana namfuta jasho, najisikia mtu mzima, nawaza kwamba kumbe kazi yenyewe ndiyo hii. Ndipo mhudumu akasema kwa sauti ya chini, "Hii damu haikomi."

Alianza kumkanda tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, mikono miwili. Akaniambia nichukue simu yake mfukoni mwa gauni lake nimpigie sista, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeloa damu mpaka kwenye viwiko. Nikapiga. Nikaweka spika, nikaishika karibu na uso wake.

Niliyasikia yote. Mhudumu alisema, "Sista, kazaa, kondo limetoka lote, damu inamwagika. Uko wapi?" Sista akasema bado yuko Mikumi, anatafuta usafiri. Akasema, "Iko dawa kwenye friji, rafu ya juu, unaijua. Mchome pajani."

"Sista, mimi siruhusiwi."

"Nakwambia mchome! Atakufa. Mchome, mtundikie dripu, mimi napiga simu waje na gari la wagonjwa."

Kisha ikakatika. Mhudumu alinituma kwenye friji, nikaileta. Alichoma. Alitundika dripu, mara ya kwanza tu mshipa ukakubali, na mimi nikawa mlingoti wa kuishika ile chupa. Akaendelea kukanda. Nimesoma tangu wakati ule kila kitu kinachotakiwa kufanywa katika hali ile, na nimeurudia ule mchana hatua kwa hatua nikitafuta alipokosea. Hakukosea. Friji lile la sola lilikuwa likizimika mara kwa mara, na dawa ile joto huipunguza nguvu. Pengine ni hilo. Pengine ni jambo jingine, sitajua.

Gari lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine. Lilipofika ilikuwa karibu saa kumi. Yule msichana alikuwa amekwisha kuacha kuniuliza kwa nini anaona giza. Alinishika kidole kimoja, hiki cha shahada, na aliponiachia sikuelewa maana yake mpaka mhudumu alipoacha kukanda. Mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto. Aliitazama mikono ya mhudumu, akaanza kupiga kelele.

Sista aliingia dakika chache baada ya gari.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa kuchunguza kifo kile, watatu, na kila mmoja wetu aliandika maelezo yake. Jana yake sista alinifuata nyumbani Mikumi. Alimsalimia mama, akanunua vitunguu, kisha akaniita kando ya meza ya nyanya.

"Mwanangu," alisema, "wewe hukutakiwa kuwemo mle ndani. Unajua?"

"Najua, sista."

"Wakijua ulishika dripu, wataandika. Na jina likishaandikwa kwenye mambo kama haya, chuo gani kitakuchukua? Mimi nitasema ulikuwa nje unafagia, ukaitwa kushika simu na taa, basi. Mambo ya kwenye simu wewe huyajui. Sawa?"

Hakunitisha. Alisema kama mama anayemwambia mtoto avae sweta. Na mimi nilijua kabisa ananiomba nini.

Tuliandikia kwenye chumba cha kupimia watoto. Mmoja wa wale watu, mzee mpole mwenye miwani, alisoma karatasi yangu akauliza, "Umeandika kwamba uliishika simu. Walizungumza nini?"

"Sikusikia vizuri. Kulikuwa na kelele."

"Hukusikia kama nesi alimruhusu achome sindano?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mzee."

Alitikisa kichwa, akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kufanya swali moja la fizikia. Sista alikuwa amekwisha kusema kwamba alipigiwa kuhusu gari tu, na kwamba mhudumu alichukua dawa kwa kiherehere chake. Mhudumu alisema ukweli, naye hakuwa na shahidi. Aliambiwa akae nyumbani.

Sikutegemea kumwona tena tuisheni, lakini Jumatatu alikuja. Alikaa kwenye benchi letu. Mikono yake ilikuwa imeacha kunuka klorini. Hakunitajia yale mambo, na mimi nikajidanganya kwamba hajui nilichoandika.

Kituo chetu cha mtihani kilikuwa Kilosa mjini. Tulisafiri pamoja kwa njia inayopita kijiji cha Ulaya, kwenye gari lililojaa magunia ya mkaa, yeye akisoma daftari mpaka alipotapika dirishani, akajifuta, akaendelea kusoma. Tulifikia kwa shangazi yangu, jirani na stesheni ya zamani, chumba kimoja, kitanda kimoja. Baiolojia ilikuwa ya kwanza, naye alitoka akitabasamu. Waliuliza juu ya mzunguko wa damu. "Nilijaza mpaka karatasi ya ziada," alisema.

Asubuhi ya kemia tulikuwa tunakunywa chai ya rangi uani kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Mhudumu aliweka kikombe chini.

"Sista anasema hakuniambia nichome. Wewe uliandika nini?"

"Niliandika nilichokiona, mama."

"Na ulichokisikia?"

Nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. Nakumbuka nilikitafuna muda mrefu sana. Alinisubiri. Kuku wa shangazi alikuja akadonoa mguuni pangu na mimi nikamfukuza kwa makini, kama kwamba hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nilipoinua uso, mhudumu alikuwa amefungua daftari lake.

"Haya," alisema bila kunitazama. "Elektroni zikipotea inaitwaje?"

"Oksidesheni."

"Zikipatikana?"

"Ridaksheni."

Akasema ahsante. Tukaondoka kwenda kwenye mtihani tumeongozana.

Ndani ya chumba alikuwa safu ya mbele yangu, upande wa dirisha. Baada ya kama nusu saa niliona ameweka kalamu mezani. Hakuichukua tena. Alikaa ameegemeza mikono mapajani, anatazama nje ambako mafundi walikuwa wakipaka rangi ukuta, mpaka muda ulipoisha. Nami niliandika. Swali la kuchanganya asidi na maji lilikuwepo. Nililifanya lote, nikapata jibu, nikalihakiki mara mbili.

Fizikia hakuja kuifanya. Nilirudi kwa shangazi nikakuta amefungasha na kuondoka, kitanda ametandika vizuri.

Matokeo yalipotoka mimi nilipata C ya kemia, C ya baiolojia, D ya fizikia. Mama alilia, akawagawia majirani nyanya bure. Nilitafuta namba ya mhudumu kwenye orodha. Alikuwa na C ya baiolojia, kama mimi. Kemia F. Fizikia hakuonekana. Wakati huo kamati ilikuwa imekwisha kumwondoa kazini, na wakaniambia sista amehamishiwa wilaya nyingine kwa maombi yake mwenyewe.

Nilichaguliwa chuo. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, tulifundishwa juu ya damu inayotoka baada ya kujifungua. Mwalimu aliandika hatua ubaoni, moja, mbili, tatu. Nilinyanyuka nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kipindi kilipokwisha. Wenzangu wakadhani nina mimba.

Likizo ilipofika nilimtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake ametoka kupalilia miwa ya watu, jembe limeegemea ukuta, miguu ina matope mpaka magotini. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Umenenepa. Chuo kinakupenda."

Akanipa kigoda. Akaleta maji ya kunywa, kama mgeni yeyote. Nikasema nimekuja kusema ukweli.

"Umwambie nani?"

"Wewe kwanza."

"Mimi ukweli naujua," alisema. "Nilikuwepo."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alivuta ungo wa mbaazi, akawa anapukuchua. Akasema, "Mama mkwe wake hupita njia hii kwenda mnadani, kambeba yule mtoto. Akiniona hutema mate. Watu hapa waliniita nesi miaka kumi na saba, sasa wananiitaje unajua?"

"Hapana."

"Usijue."

Nikamwambia nitaandika barua, nitaipeleka Kilosa kwa wale waliochunguza, niseme nilidanganya.

"Andika," alisema. "Ila usiseme nimekutuma. Na usije ukaniletea majibu hapa."

"Utanisamehe, mama?"

Alipukuchua ganda moja, la pili. "Una njaa?" aliuliza. Nikasema sina. "Basi wahi gari. Jioni magari yanakuwa machache."

Barua niliandika kurasa mbili. Niliweka kila neno lililosemwa kwenye ile simu. Niliipeleka Kilosa mwenyewe, nikapanda bodaboda kutoka stendi mpaka ofisini, nikijua kwamba wakiifanyia kazi huenda na mimi nikafukuzwa chuo. Karani aliisoma nusu ukurasa. "Dada, faili hili lilishafungwa," alisema. "Lakini iache." Akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Hakuna aliyenipigia. Naona aibu kusema kwamba kila mwezi uliopita bila kupigiwa, nilipumua.

Sasa niko mwaka wa pili, na nimeshapangwa wodi ya wazazi. Nimeichoma ile dawa kwa mkono wangu, mara nyingi, kwa ruhusa, msimamizi akiwa pembeni yangu. Wengi hupona. Wakiniita nesi huwa nageuka kwa kuchelewa kidogo, na wenzangu wamezoea, wanasema mimi ni mzito wa kusikia.

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi kumwona mama, nikaenda kwenye kile chumba cha tuisheni. Yule mwalimu bado anasubiri ajira, ameanza kuota kipara. Nilimuuliza kama yule mama wa zahanati amejiandikisha tena. Alifungua daftari lake la majina, akapitisha kidole toka juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akapitisha tena.

"Mwaka huu hayumo," alisema.